Huo Ushamba Mnaoukimbia, Kuna Watu Wanaulipia

Leo sijaja na video. Hii stori haiingii kwa sekunde sitini, kwa hivyo nimeiandika.

Mwaka jana rafiki yangu wa Nairobi alikuja kunitembelea nyumbani Nyacheki. Alipanda basi la usiku mpaka Kisii mjini, kisha akabanwa kwa Probox pamoja na watu wengine wanne kwenye kiti cha nyuma. Alifika asubuhi viatu vimejaa matope. Magokoro, yaani nyanya yangu, alipomwona akaniita kando na kunipa mia tano.

"Kimbia dukani ulete mchele, soda mbili na mkate. Mgeni wa Nairobi hawezi kula hivi vyetu."

Hivi vyetu vilikuwa jikoni. Kulikuwa na chinsaga, ile mboga wengine mnaita saga au mgagani, ambayo alikuwa ameichemsha tangu jana yake jioni huku akiiongezea maziwa kidogo kidogo mpaka uchungu ukaisha. Kulikuwa na unga wa wimbi wa kusonga obokima, ndizi za kuchemsha, na kibuyu cha amabere amaruranu, maziwa yetu ya kugandisha. Mimi nikakimbia dukani, kwa sababu kwetu haubishani na magokoro mgeni akiwa sebuleni.

Niliporudi, sebuleni hakukuwa na mtu. Jamaa alikuwa amefuata harufu. Nilimkuta jikoni ameketi kwenye kigoda, tonge la obokima mkononi, anachovya kwenye chinsaga kama mtu aliyetoka jela. Magokoro alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, anaona aibu. Mchele niliobeba haukupikwa siku hiyo.

Jioni jamaa alipofika Kisii mjini, alimtumia magokoro elfu moja kwa M-Pesa. Simu ikalia, akanipa nimsomee. Nikadhani atafurahi. Uso ukabadilika.

"Mrudishie. Hapa si hoteli."

Nililala na maswali mawili usiku huo. Kwa nini alionea aibu chakula kizuri kuliko vyote alivyo navyo? Na kwa nini alikasirika mtu alipokilipia? Nimekaa na hayo maswali miezi mingi, nikasoma, nikajaribu kitu fulani kikanishinda kidogo, na sasa nina msimamo.

Tuanze na aibu. Kiswahili kina neno tunalolitumia kila siku bila kulifikiria: ushamba. Mtu akishangaa lifti, ni mshamba. Akivaa soksi na sandali, ni mshamba. Nilipokuwa chuo, kabla niache, nilikuwa naficha unga wangu wa wimbi chini ya kitanda. Wenzangu wa chumba wakiuliza, nasema ni uji wa dawa ya vidonda vya tumbo. Afadhali mtu ajue nina ugonjwa kuliko ajue nimelelewa na obokima. Yaani tulichukua jina la mahali chakula kinapotoka tukaligeuza tusi, na tusi lenyewe likaingia mpaka kwa sahani ya magokoro.

Sasa sikizeni stori ya Waitaliano, kwa sababu wao walipitia hapa hapa. Watu wa kaskazini mwa Italia waliwatukana wa kusini "terroni", neno linalotoka kwa "terra", yaani ardhi. Kwa kifupi, washamba. Wa kusini nao wakawajibu wa kaskazini kwa kuwaita "polentoni", wala polenta. Na polenta ni nini? Ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji moto. Ni ugali, mazee. Mahindi yenyewe yalifika kwao kutoka Amerika baada ya safari za Columbus, jinsi yalivyokuja kufika kwetu pia. Na haikuwa mzaha tu. Maskini wa kaskazini walikula polenta na karibu hakuna kingine, mpaka wengi wakaugua pellagra, ugonjwa wa kukosa vitamini unaoharibu ngozi na akili. Hao watu walikuwa na sababu ya kukichukia chakula chao kuliko sisi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wakatoroka mashamba kwa wingi kwenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya Torino na Milano. Kule nyuma wakabaki wazee, na nyumba za mawe zikaanza kuanguka. Unaijua hiyo picha. Ni kijiji chako siku ya kawaida ya katikati ya wiki.

Wakulima wengine waliobaki wakaanza kukaribisha watu wa mjini waje walale na wale kwao. Mwaka wa 1965 wakawa na chama cha shughuli hiyo, na mwaka wa 1985 serikali ikapitisha sheria ya kwanza ya nchi nzima kuihusu. Wanaiita "agriturismo". Leo Italia ina zaidi ya mashamba 25,000 ya namna hiyo. Nyingi ni za familia. Unaingia, hupewi menyu ndefu kama kitabu cha hesabu. Unakula kilichoiva wiki hiyo: jibini ya maziwa ya hapo, mafuta ya zeituni za hapo, mvinyo wa hapo. Na ukienda kaskazini, utawekewa polenta. Ile ile ya matusi. Watu wanapanda ndege kutoka Berlin na New York kuja kukaa kwa meza ya mkulima na kulipa pesa nzuri wale ugali.

Kitu kilichonishika zaidi ni vile sheria yao imeandikwa. Ile ya 1985 ilibadilishwa na nyingine ya mwaka wa 2006, lakini msingi ni ule ule. Kwanza, lazima uwe mkulima, na kilimo kibaki kuwa kazi yako kubwa, wageni wawe wa pembeni. Pili, sehemu kubwa ya chakula lazima itoke kwa shamba lako na mashamba ya eneo lako, na kila jimbo linapanga kiwango chake. Maana yake huwezi kufungua hoteli, ununue vitu sokoni, utundike jembe ukutani halafu ujiite shamba. Shamba kwanza, sahani baadaye.

Hata hapa Kenya kitu kama hicho kipo. Limuru, mwendo wa kama saa moja kutoka Nairobi, kuna shamba la chai linaitwa Kiambethu. Mzungu aliyelianzisha, McDonell, alinunua ardhi hiyo mwaka wa 1910 na kupanda chai mwaka wa 1918, na anahesabiwa kati ya watu wa kwanza kulima chai ya biashara nchini. Familia yake imekuwa ikikaribisha wageni hapo: unaelezwa historia ya chai, unatembezwa kwa msitu wa asili, kisha unakula chakula cha mchana chenye mboga za bustani yao. Ni wazo zuri, na sina ubaya nalo. Lakini kumbuka kwamba wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai ya kuuza. Ruhusa ilikuja kupatikana miaka ya 1950. Leo Kisii na Nyamira ni kijani cha chai kila upande, sisi tunaichuma, inapelekwa kiwandani Nyamache na kwingineko, halafu tunangoja bonasi ya Oktoba tukiomba Mungu. Hakuna mtu anayekuja kukaa kwa veranda ya magokoro kuelezwa chai inachumwaje. Na yeye amechuma zaidi ya miaka arobaini.

Kwa hivyo nikajaribu. Nilikuwa nimeweka video ya ile chinsaga, na watu wakawa wananiuliza wataipata wapi. Nikaenda kwa magokoro nikiwa nimejipanga, nikamwambia kuna watu sita wa Kisii mjini wanataka kuja Jumamosi, na watalipa. Akakataa. Nikarudi siku ya pili. Akaniuliza, "Tangu lini mgeni akalipa kwa nyumba ya Mkisii?"

Nikamjibu kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikamwambia magokoro, hata wazee walijua mgeni lazima afike mahali achangie. Hawa wa Jumamosi hawajui kushika jembe, mikono yao ni laini, kwa hivyo wacha walete pesa ya mtu atakayelishika. Akacheka. Kisha akanyamaza, halafu akasema waje.

Walikuja. Tuliwatoza mia saba kila mtu. Walikula obokima, chinsaga, ndizi, kuku wawili wa nyumbani, wakamalizia na amabere amaruranu na chai. Mmoja alilala chini ya mparachichi. Walipoondoka nikapiga hesabu: nimeshika 4,200. Nimetumia pesa taslimu 300 kwa kilo mbili za wimbi, na 220 kwa sukari, chumvi, mafuta na majani ya chai. Faida 3,680! Nikamkimbilia magokoro kumwonyesha simu.

Aliangalia ile hesabu, akaniuliza, "Na kuku wangu umewaweka wapi?"

Nikasema si tulikuwa nao.

"Sokoni ungewapata bure?"

Tukaanza upya, yeye anataja, mimi naandika. Kuku wawili kwa mia tisa, 1,800. Mkungu wa ndizi, 300. Chinsaga, 200. Maziwa lita tatu, 180. Kuni, 200. Pamoja na zile 520 nilizotumia, jumla ilifika 3,200. Kwa hivyo tulikuwa tumebaki na elfu moja. Halafu akauliza swali ambalo sijalisahau: "Na mimi umeniweka wapi?"

Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri. Shangazi alikuwa amekuja kuosha vyombo na kusonga. Mimi nilizunguka na simu nikipiga picha. Elfu moja kwa watu watatu ni kama 330 kila mmoja, pesa ya kibarua cha shambani. Mimi, kijana mjanja wa mtandao, nilikuwa nimeita jasho la nyanya yangu faida.

Na hapa ndipo nataka tuelewane vizuri. Nyinyi mnaonitumia jumbe mkisema "tuanzishe hii kitu, kijijini kila kitu ni cha bure", hakuna kitu cha bure kijijini. Kuna vitu ambavyo mwanamke fulani amevilipia kwa mgongo wake na hajawahi kupewa risiti. Tukigeuza chakula cha nyumbani kuwa biashara bila kumhesabu mpishi, hatujaheshimu ushamba. Tumeuchuna tu.

Mara ya pili tuliwatoza 1,200. Mmoja akanipigia simu akalalamika, "Elfu moja mia mbili kwa mboga ya kienyeji?" Nikamkumbusha kwamba mwezi uliopita nilimwona kwa stori zake na pizza kubwa inayozidi hiyo bei, na pizza ni chakula cha maskini wa mitaa ya Napoli. Wao walikipenda chakula chao kwanza, ndipo dunia ikakilipia. Akaja. Tulibaki na 4,000 baada ya gharama. Magokoro akachukua 2,000, shangazi 1,200, mimi 800, na pesa ya magokoro iliingia kwa simu yake mwenyewe, haikupitia kwangu.

Kuhusu ukarimu, yeye ndiye aliyetunga sheria, sio mimi. Mtu akipiga simu siku tatu mbele akasema anakuja kula, huyo analipa, kwa sababu ametufanya tuamke mapema. Mtu akipita njiani akabisha hodi, huyo ni mgeni, anakula na hakuna anayemuuliza kitu. Siku hiyo ya pili jirani aliingia katikati ya chakula, akawekewa sahani ile ile wanayokula wa 1,200, wakakaa pamoja. Hakuna aliyelalamika. Nadhani hiyo ndiyo sehemu waliyoifurahia zaidi, kwa sababu jirani ana midomo.

Lakini kuna kitu kingine ambacho lazima nikiri. Rudi kwa ile hesabu uangalie tena. Wimbi tulinunua. Nyumba ya Kisii, chakula cha Kisii, na unga wa obokima umetoka sokoni. Shamba letu ni dogo, kama mashamba mengi ya huku ambako watu tumesongamana, na limegawanywa kwa wana wa babu. Sehemu kubwa ni chai. Kona ya chini karibu na mto ni mikaratusi ya ami yangu, hii mnaita blugamu. Mahindi yetu huisha mapema, tunaanza kununua ya Transmara. Kwa sheria ya Waitaliano, mimi ningekuwa karibu na mstari mwekundu. Na kama content yangu inasema "chakula cha shamba" na shamba lenyewe halina chakula, basi nawadanganya.

Kuna jamaa mwenye pesa alinitafuta baada ya zile video. Alitaka tujenge vibanda vya nyasi, tuweke wachezaji, wageni wavalishwe shuka, chakula kiletwe na gari kutoka mjini. Alisema hakuna atakayejua. Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Lakini magokoro angejua, na mimi ningelazimika kumpiga picha amekaa mbele ya kibanda ambacho hajawahi kuishi, anatabasamu kwa ajili ya kuku wa kizungu. Nilimwambia hapana, na sijidai shujaa, zile pesa nilizifikiria wiki nzima.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Meza za shambani ziwepo, huku kwetu na kila mahali vijijini. Watu walipe, na walipe vizuri. Lakini anayepika awe ndiye mwenye pesa, na shamba lilime chakula kwanza. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kama mfano mzuri wa kuigwa. Heshima hiyo ni nzuri, lakini karatasi haipandi wimbi. Kaunti za Kisii na Nyamira tayari zinadai leseni ya biashara na cheti cha afya kwa mtu anayeuza chakula. Zingeweza kuweka leseni ndogo, ya bei nafuu, kwa mkulima anayelisha watu kumi wikendi, na sharti moja tu: onyesha kilipopandwa.

Kwetu tumeanza na ami. Tulikaa naye jioni tatu. Mara ya kwanza alisema mti wa blugamu haumwombi mtu mbolea. Mara ya pili magokoro alimwuliza mara ya mwisho mto ulijaa lini. Mara ya tatu alikubali kukata mistari miwili, akauza fito, na kipande hicho tukakilima. Tunapanda wimbi Januari. Ikikubali, tutavuna katikati ya mwaka, na hapo nitaweka tarehe ya Jumamosi ya kwanza.

Rafiki yangu wa Nairobi ameshasema atakuja. Nilimwambia magokoro, akauliza kama atapiga simu siku tatu mbele au atabisha tu hodi. Nikamwuliza tofauti ni gani, huyo si tayari ni wa nyumbani?

"Basi aje na viatu vya matope," akasema. "Huyo ni wa siku ya tatu. Jembe lake liko pale."